Mfarishi niliouficha uvunguni: niliyojifunza nikibuni bila ruwaza

Kwa miaka miwili uso wa mfarishi wangu wa kwanza wa kubuni mwenyewe ulikaa uvunguni mwa kitanda, ndani ya mfuko, umekunjwa mara nne. Niliuanza kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu, akiwa bado tumboni. Mtoto akazaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama dede, na mimi kila nikifagia chumba nauona ule mfuko na kuusukuma ndani zaidi. Ulikuwa haulali. Ukiutandaza, katikati unainuka kama hema na pembeni unajikunja mawimbi. Hakuna pasi iliyouweza.

Kwa asiyewahi kushona kitu hiki: mfarishi ninaouzungumzia una matabaka matatu. Juu kuna uso, yaani vipande vya vitambaa vilivyoungwa vikawa kimoja. Katikati kuna pamba. Chini kuna bitana. Matabaka yote hushikanishwa kwa mishono inayopita kutoka juu hadi chini, kisha kingo huzibwa kwa upindo. Sehemu inayowapa watu hamu ya kubuni ni uso, na sehemu inayowatoa machozi ni huo huo uso.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshona mifarishi minne kwa kufuata ruwaza, yaani mchoro uliokwisha kuandaliwa na mwingine, na yote ilitoka vizuri. Nikaamini naijua kazi. Kushona nilijua kweli. Mishono yangu ilinyooka na pembe zilikutana. Nisichokijua ni kwamba mwenye kuchora ruwaza amekwisha kukuamulia mambo mengi hata huyaoni: kila kipande kiwe na ukubwa gani, kilichokolea kikutane wapi na kilichopauka, kipi kiungwe kwanza ili kingine kiingie bila kukwama, na kitambaa kikatwe kwa kufuata uzi upi. Siku unapoiweka kando ile karatasi, maamuzi yote hayo yanahamia kwako, na yanakuja kwa mpigo mmoja.

Nilipotafuta ushauri, niliambiwa na karibu kila mtu: kata tu, moyo utakuongoza. Nikakata. Nilikaa jioni tatu mfululizo na mkasi, nikakatakata mabaki yangu yote ya vitambaa, vipande vya pembetatu, vya mshazari, virefu, vifupi, hadi kapu likajaa. Sikuwa nimejiuliza mfarishi wenyewe utakuwa na upana gani. Hilo ndilo kosa la kwanza, na kama kuna moja tu utakaloliepuka baada ya kusoma haya, liwe hilo. Kitambaa kikishakatwa vipande vidogo hakirudi kuwa kikubwa. Kitambaa kizima bado kina uwezekano wa kuwa chochote.

Kosa la pili ndilo lililozaa hema. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu wake na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Ukikivuta kwa kufuata mtande, hakivutiki, au kinavutika kidogo sana. Kwa kufuata mshindio kinavutika kiasi. Ukikivuta kwa mshazari, kutoka kona kwenda kona, kinanyumbulika kama mpira. Jaribu sasa hivi na leso iliyo karibu nawe, utaona. Mimi nilikata bila kujali uzi umekwenda wapi, kwa hiyo nusu ya vipande vyangu vilikuwa na kingo za mshazari. Kila nilipokishona kimoja kilirefuka kidogo chini ya mguu wa cherehani. Kila nilipokipiga pasi kilirefuka tena, kwa sababu nilikuwa naisukuma pasi mbele na nyuma kama ninayenyoosha shati. Uso wa mfarishi unataka pasi iwekwe, iinuliwe, iwekwe tena mahali pengine, bila kuburuzwa. Tofauti ya upana wa unywele mmoja katika kila mshono, ukiizidisha kwa mishono mia mbili, inatosha kabisa kuinua katikati.

Halafu nikajaribu kuficha kosa kwa ukanda wa pembeni. Niliuona uso umejikunja, nikadhani ukanda mrefu wa kitambaa kimoja ukizungushwa pande nne utaunyoosha. Nilishika ukanda, nikauweka kwenye ukingo, nikashona hadi ulipofika mwisho, kisha nikakata uliobaki. Watu wengi hufanya hivyo, na ndivyo mawimbi yanavyozaliwa, maana ukingo uliokwisha kuvutika unapewa ukanda wenye urefu ule ule wa kuvutika. Inavyotakiwa ni kupima uso katikati, mara tatu sehemu tofauti, kuchukua wastani wa vipimo hivyo, kukata kanda mbili zilizo sawasawa kabisa kwa kipimo hicho, kisha kuuingiza uso ndani ya ukanda kwa pini nyingi. Ukanda ndio unaoamuru. Sikulijua hilo, na nilipomaliza upande wa nne nilikaa sakafuni nikalia. Miezi mitano ya jioni zangu ilikuwa imetandazwa mbele yangu na haikutaka kulala chini.

Mdogo wangu alikuja siku moja akaniuliza, "Dada, ule mfarishi wa mtoto umefikia wapi?" Nikamwambia bado kidogo. Baada ya siku ile ndipo mfuko ulipoingia uvunguni.

Kilichofuata ni kukimbilia upande wa pili kabisa. Nikaapa mfarishi unaofuata nitauchora wote kwanza. Nikanunua daftari la karatasi ya miraba, kila mraba mdogo ukawa inchi moja, nikachora, nikapaka rangi, nikafuta, nikachora tena. Na kwa kweli hakuna ubaya katika kuchora. Hadi leo nachora. Ubaya ni kwamba niliiamini karatasi kuliko kitambaa.

Mfarishi huo wa pili ulikuwa wa kanda tupu, 20, kila moja imekatwa kwa upana wa inchi 3. Kichwani mwangu 20 mara 3 ni 60, na kitanda kilitaka 60. Nilipomaliza kuziunga nikapima nikapata inchi 50 na nusu. Nilipima tena nikidhani tepu imekunjamana. Kila mshono wa kazi hii hula robo inchi kila upande, yaani karibu milimita 6. Ukanda wa inchi 3 ukishashonwa kushoto na kulia unabaki inchi 2 na nusu. Mara 20 ni 50, na nusu inchi inayobaki ni zile kingo mbili za nje ambazo hazijashonwa bado. Kanda nne za nyongeza zingeniokoa, lakini kitambaa kilikuwa kimekwisha. Tangu siku hiyo kila ninapochora naandika vipimo viwili kando ya kila kipande, cha kukata na cha kuonekana, kwa kalamu za rangi mbili tofauti. Kwa mraba au mstatili, cha kukata ni cha kuonekana ukiongeza nusu inchi. Kwa pembetatu hesabu ni nyingine: ukitaka mraba uliogawanyika pembetatu mbili za rangi tofauti, anza na miraba mizima iliyozidi kipimo cha kuonekana kwa inchi moja kamili, iweke uso kwa uso, chora mstari wa kona kwa kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kata katikati, kisha punguza kila mmoja ufikie kipimo. Unapoteza kitambaa kidogo na hupotezi akili.

Lakini upungufu wa upana haukuniuma kama kilichotokea nilipoutandika. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Kitandani ulikuwa bubu. Nilikuwa nimechagua buluu, kijani, zambarau na waridi, nikaamini rangi nne tofauti zitaonekana tofauti. Nikakaa nautazama bila kujua kilichokosekana, hadi mtu mmoja wa nyumbani alipoupiga picha kwa simu na picha ikawa ya nyeusi na nyeupe kwa bahati tu. Yote ilikuwa kijivu kimoja. Rangi zangu nne zilikuwa na ukolevu ule ule. Jicho la mtu likisimama mbali huona kwanza kilichokolea na kilichopauka, ndipo linapotambua kama ni buluu au kijani. Bila tofauti ya ukolevu, umbo ulilolihangaikia halionekani, hata rangi ziwe nzuri namna gani. Sasa kabla ya kukata chochote napanga vitambaa mezani vikipandana kama vigae vya paa, napiga picha, naiondoa rangi, natazama. Navigawa mafungu matatu: vilivyokolea, vya kati, vilivyopauka. Fungu moja likikosekana, siendelei. Usiyekuwa na simu karibu, finya macho hadi uone ukungu. Inafanya kazi karibu sawa.

Huo wa pili pia ulinifundisha kuhusu rangi nyekundu. Nilitia kitambaa kimoja chekundu mwishoni bila kukifua kwanza, na mfarishi ulipofuliwa kikachuja juu ya waridi ya jirani yake. Kitambaa chenye rangi kali, nyekundu hasa na buluu nzito, kilowanishe, kikandamize kwa kitambaa cheupe na pasi ya moto, uone kama kinaacha doa. Kikiacha, kifue hadi kikome, au kiache nje. Na kumbuka kwamba kitambaa cha pamba kisichofuliwa hurudi, yaani hupungua ukubwa, kikifuliwa, na si kila kitambaa hurudi kwa kiasi kimoja, kwa hiyo fua vyote au usifue hata kimoja.

Baada ya hapo niliacha kushona kwa muda mrefu. Nilikuwa natazama tu picha za kazi za wengine. Ndipo nikakutana na wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichomo ndani ya kona ya Mto Alabama nchini Marekani, ambao wahenga wao walikuwa watumwa katika shamba la pamba la hapo hapo. Walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa na mabaki yoyote yaliyopatikana, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi, na walijitungia wenyewe. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilioneshwa katika makumbusho ya sanaa Houston na baadaye New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Watu huitaja kama mfano wa kushona kwa uhuru bila mpango. Nilikaa na picha hizo jioni nyingi, na nilichokiona hakikuwa fujo hata kidogo. Mfarishi mmoja ni kanda ndefu tupu. Mwingine ni mraba katikati na kanda zinazouzunguka, nje tena nje, kama paa la nyumba ukilitazama kutoka juu. Mshonaji ameshika umbo moja, amelirudia, kisha mahali pamoja au pawili ameliachia: ukanda mmoja umekuwa mnene ghafla, rangi moja imeingia mara moja tu na haikurudi. Ule ukanda mnene unaonekana kwa sababu majirani zake wote ni wembamba. Mimi katika mfarishi wangu wa kwanza nilikuwa nimeachia kila kitu kila mahali, kwa hiyo hakuna kilichoonekana.

Wengine walionifungua macho ni Wasidi wa Karnataka, kusini mwa India, watu wenye asili ya Afrika. Mifarishi yao huitwa kawandi. Hawaungi uso kwanza. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza kwenye kona, wanakunja ukingo wa kila kipande na kukishona kwa mkono moja kwa moja juu ya tabaka la chini, mapigo mafupi ya mstari, wakizunguka kingo zote na kuelekea ndani, hadi kipande cha mwisho kinapoziba katikati. Kila kona huwekewa vitambaa vidogo vilivyokunjwa kama ua. Nilielewa kutoka kwao kwamba mpangilio wa kazi nao ni ubunifu. Anayeanzia pembeni anajua tangu dakika ya kwanza mfarishi utaishia wapi. Ukubwa umekwisha kuamuliwa na kitambaa cha chini, kwa hiyo mikono inaweza kuchagua vipande bila hofu.

Hapo ndipo nilipojua nimekosea wapi mara zote mbili. Mara ya kwanza sikuweka mpaka wowote. Mara ya pili niliweka mipaka kila mahali, kabla ya kukiona kitambaa chenyewe kimekaa karibu na kingine. Nilichohitaji ni vitu vichache vilivyofungwa, na vingine vyote viamuliwe kwa macho, kwa subira, kabla ya mshono wa kwanza.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Jumamosi moja niliinama nikautoa ule mfuko. Nikautandaza uso wa hema sakafuni, nikaunyunyizia maji ya wanga ili kitambaa kikaze, nikaupiga pasi kwa kuiweka na kuinyanyua, kisha nikachukua rula ndefu na kisu cha gurudumu. Nilisita sana. Miezi mitano ilikuwa pale, na sehemu yangu fulani bado ilitumaini kwamba siku moja ungenyooka wenyewe. Nikakata. Nilikata miraba ya inchi 8 na nusu moja kwa moja juu ya mishono ya zamani, bila kuijali ilipita wapi. Kilichonishangaza ni kwamba kisu kilipopita, kitambaa kililegea. Ule mvutano uliokuwa umeinua katikati ulikuwa umefungwa kwenye mishono mirefu. Ilipokatwa, kila mraba ulilala. Kati ya miraba 30 hivi, 22 ilifaa. Iliyobaki ilikuwa imechoka na mishono minene iliyopandana, nikaiacha.

Kwa hiyo kama una uso ulioharibika na umeuficha mahali, usiufumue mshono kwa mshono. Nilijaribu kufumua mwanzoni, jioni nzima, nikapata vipande saba vilivyochanika nyuzi. Kata upya kwa rula. Kingo zako mpya nyingine zitakuwa za mshazari, ndiyo maana ya wanga, na ndiyo maana usiishike miraba hiyo mara nyingi kabla ya kuishona.

Niliamua mambo matatu tu, nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. La kwanza, ukubwa: inchi 40 kwa 48, wa mtoto. La pili, kila kitu kitakaa ndani ya miraba ya inchi 8 inayoonekana, mitano kwa upana na sita kwa urefu, jumla 30. La tatu, mahali pa jicho kupumzika. Nilikuwa na miraba 22 iliyojaa vipande vya kila rangi, nikahitaji 8 zaidi, nikaikata yote kutoka kitambaa kimoja cha kijivu tulivu kisicho na maua wala mistari. Hili la tatu ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza. Tunapenda vitambaa vyetu vizuri, tunataka vyote viingie, na vinapoingia vyote vinapigiana kelele. Kitambaa kimoja kisichosema neno kinavipa vingine nafasi ya kusikika.

Kisha nikatundika shuka la flaneli ukutani. Flaneli ina manyoya mafupi, na kitambaa cha pamba hugandia juu yake bila pini. Nilibandika miraba yote 30 nikaondoka.

Siku tisa sikushona chochote. Nilikuwa natazama. Asubuhi nikipita na chai, jioni taa ikiwaka, kutoka mlangoni, nikiwa nimeketi sakafuni, nikiwa nimeipindua picha juu chini kwenye simu. Ukipindua picha unaacha kuona vitambaa unavyovipenda na unaanza kuona uzito uko wapi. Siku ya pili niliona miraba yote iliyokolea imejikusanya kushoto, mfarishi unaegemea. Siku ya nne nilikuwa nimepanga ya kijivu kwa usawa mno, kama sakafu ya vigae, na uhai ukapotea. Nikaivunja, nikaweka mitatu ikikaribiana na mingine ikitawanyika. Nilijiwekea sharti la kubadili kitu kimoja tu kwa wakati, na kupiga picha kabla ya kubadili. Sharti hilo liliniokoa siku ya sita, upepo wa dirishani ulipoangusha safu mbili nzima. Bila picha nisingekumbuka.

Kulikuwa na mraba mmoja wenye kipande cha rangi ya haradali, peke yake katika mfarishi wote. Popote nilipouweka katikati, macho yalikimbilia pale na kukwama. Niliutoa, na mfarishi ukazimika. Mwisho niliuhamishia safu ya tano, karibu na kona ya kulia, ambako jicho linaufikia baada ya kupita kwingine kote. Sikuweza kulijua hilo kwenye karatasi ya miraba, na moyo nao haukuniambia. Nililijua kwa kuuhamisha mara sita au saba.

Kushona kwenyewe kulikwenda haraka. Kabla ya kuondoa chochote ukutani nilibandika kikaratasi kwenye kila mraba, herufi ya safu na namba, kwa pini, upande wa juu. Mishono ya safu ya kwanza niliilaza kulia kwa pasi, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo safu zilipokutana mishono ilikaa bega kwa bega bila kupandana na pembe zikalingana zenyewe. Nilipima baada ya kila safu. Mara ya kwanza nilipokuwa nabuni nilipima mwishoni tu, na mwishoni hakuna unachoweza kurekebisha.

Nilifanya kosa moja kubwa zaidi hapa, na lilinigharimu jioni nzima ya kufumua. Bitana niliikata vizuri, imezidi uso kwa inchi 4 kila upande, inchi 48 kwa 56, kwa sababu inajivuta wakati wa kushona. Niliibandika sakafuni kwa utepe wa gundi, imenyooka bila kuvutwa, nikalaza pamba, nikalaza uso, nikafunga matabaka kwa pini kama zile za nepi, kila upana wa kiganja. Unaweza pia kupiga bandi kwa uzi mrefu, inachukua muda zaidi ila hakuna chuma cha kugonga sindano. Yote sawa. Kisha, kwa haraka ya kutaka kumaliza, nikaanza kushona kutoka ukingoni. Nilipofika katikati bitana ilikuwa imejikusanya, na nilipogeuza nikaona kunjo limeshonewa ndani, refu kama mkono. Anza katikati, siku zote, uelekee nje, ili ziada isukumwe pembeni inakoweza kutoka. Na soma maelezo ya pamba yako kabla ya kuamua mishono iachane kiasi gani. Nyingine zinavumilia nafasi kubwa, nyingine zikiachwa mbali zinajikunja mabonge baada ya kufuliwa.

Upindo: mzunguko wa mfarishi ule ni inchi 176, nikaongeza 12 kwa ajili ya kona na maungio, ikawa 188. Kitambaa changu kilikuwa na inchi 42 za kutumika, kwa hiyo kanda 5 za upana wa inchi 2 na nusu, zikaunganishwa kwa mshazari ili unene usijikusanye mahali pamoja, zikakunjwa katikati kwa urefu. Nilishona upande wa mbele kwa cherehani na wa nyuma kwa mkono. Kutoka siku ya kukata upya hadi upindo wa mwisho ilikuwa siku tisa za kutazama na wikendi tatu za kushona.

Mdogo wangu aliukunjua kwenye mapaja yake akanyamaza. Halafu akakishika kipande kimoja chekundu chenye nukta nyeupe.

"Hiki si kilikuwa kwenye ule wa zamani, dada? Ule ulioniambia bado kidogo?"

"Ndicho."

"Kumbe ulikuwepo miaka yote hii."

Nikamwambia ukweli wote, hema, mfuko, uvungu. Mtoto alikuwa amekwisha kuupanda, ameketi karibu na kona ya kulia, anakwangua haradali kwa kucha. Nyuma, kwenye bitana, nilikuwa nimeandika kwa uzi jina lake na miaka miwili, ule niliokata mara ya kwanza na ule niliokata mara ya pili.